Akili Nyingi na Ugomvi wa Watoto

Wahenga walisema, "Akili nyingi huondoa maarifa." Sisi walimu, tufurahiapo kumpata darasani mtoto mwenye kipaji, twausahau usemi huo upesi. Twampa hesabu ngumu zaidi na kitabu kinene zaidi. Lakini akigombana na wenzake twamwamuru tu aombe radhi, kana kwamba katika jambo hilo akili yake haina kazi.

Mwanasaikolojia Leta Hollingworth, aliyewachunguza watoto wa namna hiyo huko New York hadi alipofariki mwaka 1939, aliona kuwa mtoto anayewapita mno wenzake kwa akili mara nyingi hukosa wa kucheza naye. Hubuni michezo yenye kanuni nyingi, wenzake wakachoka, naye akabaki peke yake. Huko Philadelphia, George Spivack na Myrna Shure walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1974 kwamba uwezo wa mtoto mdogo kufikiria njia mbalimbali za kumaliza tatizo baina yake na mwenziwe si kitu kimoja na akili inayoonekana katika vipimo. Tena kwamba uwezo huo hufundishika.

Basi na tuufundishe. Tuseme wanafunzi wawili wanagombania kitabu kimoja. Mwalimu asikate shauri mara moja, bali aulize: "Mwaona njia ngapi?" Mwenye kipaji atataja tano, mwenziwe angali akiitafuta ya pili. Hapo ndipo penye hatari. Huenda miongoni mwa zile tano mna moja ya hila: kumshawishi mwenziwe akubali zamu ya mwisho, siku ambayo kitabu chapaswa kurudishwa. Hiyo nayo ni kazi ya ubunifu. Je, tuisifu?

Twaona sivyo. Hesabu hupimwa kwa jibu lake. Suluhu baina ya watu hupimwa pia kwa hali ya yule wa pili. Kwa hiyo swali la kwanza halitoshi pasipo jingine: "Mwenzako ataonaje?" Wala mwenye kipaji asijibu kwa niaba yake, na aulizwe mwenyewe. Huenda yule mzito wa hesabu ndiye atakayesema, "Tusome pamoja."

Tukimfunza mtoto kushinda tu, tutakuwa tumemzidishia akili na kumpunguzia maarifa. Wahenga walikwisha kutuonya.