Hiari ya Mkimbizi: Nakivale, Mbarara na Maana ya Kulowea

Kiswahili kina kitenzi kulowea, chenye maana ya mtu kukaa ugenini mpaka akawa kama mwenyeji, na mwenye kukaa hivyo huitwa mlowezi. Jina hilo lilichafuka nchini Kenya wakati wa ukoloni, lilipotumika kwa Wazungu waliotwaa ardhi ya nyanda za juu, ingawa kitenzi chenyewe hakisemi lolote juu ya kunyang'anya. Kinachosema ni kwamba ugeni unaweza kwisha. Mkimbizi, kwa upande wake, ni jina linalomtambulisha mtu kwa mbio zake, si kwa mahali alipofika. Kati ya majina haya mawili ndipo lilipo swali ambalo makazi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, yanalidhihirisha kuliko mahali pengi: je, mtu aliyefukuzwa kwao na vita aweza kusemwa kwamba amechagua pa kukaa, na kama aweza, uchaguzi huo hukamilika lini?

Nakivale ipo katika wilaya ya Isingiro, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, kwa kuwa yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye walikuja Wahutu wa Rwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na wengi wao, hasa Wakongo na Warundi, huelewana na majirani zao kwa Kiswahili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inamruhusu mkimbizi kutembea nchini na kufanya kazi, na anayekaa katika makazi hupewa ploti, yaani kipande cha ardhi cha kujenga na kulima.

Kwa hiyo aliyekwisha kuandikishwa huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kubaki Nakivale, penye ploti, shule, zahanati na mgao wa chakula au fedha, ingawa ploti zimekuwa zikipungua kadiri watu wanavyoongezeka, na mgao wenyewe ulipunguzwa mwaka 2023 wakimbizi walipogawanywa katika makundi matatu kulingana na uhitaji wao. Au anaweza kwenda mjini Mbarara, akapanga chumba, akashona nguo au akauza vitenge, na kwa kufanya hivyo akaachana na misaada ambayo kwa kawaida hutolewa makazini tu. Wapo wanaosema kwamba palipo na njia mbili pana hiari, yaani uwezo wa mtu kutenda au kuacha bila kushurutishwa. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Mama anayepima kati ya mgao usiotosha na kodi ya chumba asiyojua ataitoa wapi hachagui mahali. Anachagua aina ya upungufu.

Vitabu vitakatifu vinaliona jambo hili kwa undani zaidi. Katika kitabu cha Mwanzo, Lutu aliinua macho, akaliona bonde la Yordani lilivyo na maji, akalichagua papo hapo, na hatimaye uchaguzi huo ukamfikisha Sodoma. Ibrahimu, aliyemwachia Lutu, mwana wa ndugu yake, achague kwanza, alikaa miaka mingi katika nchi ya watu bila kumiliki hata kiunga. Lakini Sara alipofariki, Ibrahimu aliwaendea wenyeji, akajitaja kuwa mgeni kati yao, akakataa kupewa pango la Makpela kama zawadi, na akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Sira ya Mtume Muhammad ina tukio linaloshabihiana na hilo. Alipoingia Madina mwaka 622, kila ukoo ukimwomba ashukie kwake, alimwacha ngamia wake ajiendee mpaka akapiga magoti kwenye kiwanja cha yatima wawili. Na ingawa kiwanja hicho kilitolewa kwa radhi, hakukubali kukichukua bila kulipa thamani yake.

Katika visa vyote viwili, wa kwanza alipelekwa na wito na wa pili na hijra, yaani kuhama kwa ajili ya imani; hakuna aliyepachagua mahali kama mtu achaguavyo nguo dukani. Hiari yao ilikuja baadaye, pale mhamiaji alipotoa kitu chake na mwenyeji akakipokea. Kupewa bure humwacha mtu mgeni, kwa sababu kilichotolewa kwa hisani huweza kurudishwa kwa chuki.

Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hutajwa kwa kawaida kumhimiza mgeni asiwe mvivu. Ina upande wa pili: anayempa mgeni jembe amekubali kwamba jasho lake liingie katika udongo wa mwenyeji. Kwenye ploti ya Nakivale jambo hili huonekana kwa macho. Maharage hukomaa kwa takriban miezi mitatu, kwa hiyo anayeyapanda hajasema lolote kuhusu mwaka ujao. Lakini anayechimba shimo la mgomba, akalijaza samadi na kusimamisha chipukizi litakalozaa machipukizi mengine kwa miaka mingi, amekwisha kulowea moyoni, hata kama kadi yake bado yamwita mkimbizi.

Sheria haijamfuata huko. Ardhi ya makazi ni ya kutumia tu. Mkimbizi haruhusiwi kuiuza wala kuikodisha. Ibara ya 12 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa aliyezaliwa nchini na kuishi humo tangu tarehe 9 Oktoba 1962 haki ya kuandikishwa kuwa raia, ilmradi hakuna mzazi wala babu au bibi yake aliyekuwa mkimbizi nchini humo. Hofu inayotokana na hali hiyo si ya kubuni. Oktoba 1982, viongozi wa wilaya ya Mbarara pamoja na vijana wa chama tawala waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda, raia na wakimbizi bila kuwatenganisha, wengine wakasukumwa hadi mpakani na wengine wakajazana Nakivale na katika makazi mengine ya Oruchinga. Walikuwemo waliolima na kufuga huko kwa zaidi ya miaka ishirini.

Na watu hufa Nakivale kama kwingineko. Familia iliyofiwa humzika mpendwa wake katika ardhi hiyohiyo ya kutumia tu, na jamaa wanaosimama kando ya udongo ule mbichi, hata wangekuwa na shekeli 400 mkononi, hakuna anayeruhusiwa kuzipokea.