Herufi Moja Mezani pa Uhakiki

Mwishoni mwa Machi 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilifanya usaili wa kuandika kwa nafasi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027, na walioitwa ni 112,952. Ukigawanya hao walioitwa, kila nafasi iligombewa na watu karibu 71. Wengi bado wanakumbuka pia Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakiwania nafasi 70 za Uhamiaji. Palipo na umati wa namna hiyo, hakuna msimamizi anayeweza kukusubiri urudi nyumbani kufuata karatasi. Lakini kijana ninayetaka kumsimulia hakusahau cheti hata kimoja. Alivibeba vyote, tena halisi, na bado alirudishwa mlangoni.

Ni kijana wa Ukerewe, mtoto wa mama anayeanika dagaa. Jina lake silitaji, wala taasisi aliyoiomba. Ana shahada ya uhasibu, na wanaomfahamu hawana shaka na kichwa chake. Alipoitwa usaili Mwanza alijifungia na madaftari yake mpaka usiku wa manane. Mama akauza dagaa kwa bei ya hasara ili ipatikane nauli ya meli kutoka Nansio, pesa ya kula na pa kulala, maana msailiwa wa utumishi wa umma hujigharamia mwenyewe. Alivuka siku moja kabla, na hapo alifanya vizuri, kwani ziwa likichafuka safari inaweza kuchelewa. Asubuhi alifika mapema, shati limenyooka, bahasha kifuani.

Chumba cha mtihani hakukiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vyeti na kitambulisho."

Akavipanga mezani kimoja kimoja. Yule mama aliweka kidole kimoja juu ya jina la tatu kwenye cheti cha kidato cha nne, kingine juu ya jina hilohilo kwenye kitambulisho cha taifa. Huku L, huku R. Akamuuliza kama anayo hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kijana akatoa karatasi ya kiapo cha wakili, ya zamani kidogo. Yule mama akaisoma yote, akamrudishia. "Hiki ni kiapo tu, mwanangu. Kaa pembeni kwanza, wenzako wapite."

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua jinsi L na R zinavyobadilishana mdomoni. Mwalimu aliyemwandikisha mtoto darasa la kwanza aliandika alivyosikia, na karani wa vitambulisho naye, miaka mingi baadaye, akaandika alivyosikia yeye. Nyumbani hakuna anayeona kosa, kwa sababu babu ni yuleyule. Mezani pa uhakiki hao ni watu wawili.

Ukali huo una historia. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Taarifa hiyo ilionyesha pia kuwa vipo vyeti vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Tangu hapo, ofisa anayeona majina mawili hana namna ya kujua kwa macho kama ni kalamu iliyoteleza au ni cheti cha ndugu aliyefariki. Atakudai uthibitisho, na ndiyo kazi yake.

Kinachoniuma ni kwamba kijana huyu alionywa, na si mara moja. Kidato cha nne, kabla ya usajili wa mtihani wa taifa, orodha ya majina ilibandikwa na mwalimu akawaambia kila mmoja akague herufi kwa herufi. Yeye aliangalia jina lake na la baba, la tatu akalipitia juu juu. Chuoni tofauti ilionekana tena, akaambiwa alete kiapo. Akaleta, mambo yakapita. Nadhani hapo ndipo palipomponza zaidi, kwa kuwa kiraka kilichoshika mara moja kilimfanya aamini nguo imepona. Na alipokuwa akijaza taarifa zake kwenye mfumo wa maombi ya ajira aliiona tena ile R, akasita, kisha akaendelea, kwa kuwa siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa imekaribia.

Onyo la mwisho lilikuwa kwenye tangazo lenyewe la kuitwa usaili. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huanza na masharti, ndipo yafuate majedwali ya majina. Humo mwanzoni imeandikwa wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zake aje na hati ya kubadili jina iliyothibitishwa na mamlaka husika. Imeandikwa pia kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na kwamba aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na TCU, NACTVET au NECTA. Lakini rafiki alimtumia kwenye WhatsApp picha ya ukurasa mmoja tu, ule wenye jina lake, akiwa ameuzungushia duara jekundu na maneno "hongera kaka". Ukurasa wa kwanza hakuwahi kuufungua.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu asiyeweza kuanguka hapo? Tukiona jina letu kwenye orodha, moyo unaruka na macho yanaacha kusoma. Tunaanza kuwapigia simu watu wa nyumbani. Tunatafuta maswali ya miaka iliyopita, sheria iliyoanzisha taasisi, jina la mkurugenzi wake. Hayo yote ni mema, na anayefika kwenye mahojiano ya ana kwa ana bila kuyajua ataumbuka. Ila hayasaidii kitu kama hukuvuka ile meza ya kwanza.

Hati yenyewe huandaliwa na wakili, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Si kazi ya asubuhi moja, wala si ya siku chache kati ya tangazo na usaili. Kwa hiyo usingoje kuitwa. Leo jioni tandaza vyeti vyako vyote kitandani, cha kuzaliwa, vya shule, vya chuo, pamoja na kitambulisho cha taifa, uvisome kwa kidole. Ukiona tofauti, hata ya herufi moja, kesho nenda kwa wakili.

Na wewe mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba mwaka huu, jina litakalosajiliwa sasa ndilo litakalomfuata sekondari na kuendelea. Nenda shuleni kabla usajili haujafungwa, omba kuiona orodha, beba cheti cha kuzaliwa, na usome majina yote matatu.