Anayebisha Hodi ni Mtoto



Tarehe 31 Oktoba inakaribia, na maboga yamekwisha kupangwa vibarazani kwa majirani zetu. Kila mwaka, baada ya ibada, tunajadiliana kama Mkristo anayeishi Marekani ashiriki Halloween au asishiriki. Wapo wanaokumbusha kwamba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba; wapo wasiotaka hata kulisikia jina lake. Leo hatuurudii mjadala huo. Dhamiri ya kila nyumba iheshimiwe. Swali letu ni dogo zaidi: mtoto akishafika mlangoni, je, ni haki kumtisha ili sisi tucheke?

Desturi ya hapa inajulikana. Taa ya kibarazani ikiwaka, watoto wanakaribishwa kuomba pipi, ikizimwa, wanapita. Kwa hiyo aliyewasha taa amekwisha kusema "karibu" kabla hodi haijabishwa. Lakini wapo wanaowasha taa, kisha wanajificha nyuma ya kichaka wakiwa na kinyago cha maiti, ili wamrukie mtoto wa miaka mitatu. Hata vijana wetu wameanza kuuona huo kuwa mchezo mzuri. Kwetu sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu, kumwita mgeni kwa taa na kumfukuza kwa kinyago ni kulivunja neno letu wenyewe.

Wanaoutetea mchezo huo husema watoto wanapenda kutishwa. Kuna ukweli hapo. Sisi wenyewe tulipenda hadithi za zimwi. Lakini tulizisikiliza tumembana bibi, tumeshika upindo wa kanga yake, na mmoja akisema "Bibi, basi," bibi aliacha. Utamu wa woga ule ulitoka kwenye mkono tulioushika. Kijana wa miaka 12 anayekwenda na wenzake kwenye nyumba ya kutisha naye amechagua mwenyewe. Basi kipimo ni hiki: je, anayetishwa amekubali, na je, anaweza kusema basi?

Mtoto mdogo hawezi. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaliona hili mara kwa mara. Mtoto wa miaka mitatu au minne bado hajatenganisha vizuri jambo la kweli na la kuigiza. Moyo humwenda mbio, pumzi zinamkatika, kwa maana mwili wake haujui kwamba ni mzaha. Kisha hukimbia bila kutazama, na mbele ya nyumba kuna barabara. Usiku huo magari ni hatari kuliko vinyago vyote. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tuzikumbuke pia familia zilizofika hapa kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma. Wapo waliowahi kuamshwa usiku na watu wenye silaha. Kwao, mtu aliyeficha uso na kushika panga la plastiki si kichekesho. Wazazi, waandaeni watoto mapema. Mwonyesheni mtoto kinyago mchana, akishike, akivae na kukivua mwenyewe.

Kisha tujitazame nyumbani. Ni nani hajasikia mzazi akisema, "Nyamaza, nesi atakuchoma sindano"? Gharama yake tunailipa sisi wauguzi: mtoto anapiga kelele akiona sare tu, na kumpima homa kunakuwa vita. Anayetishiwa msaada ataukimbia hata siku anapouhitaji. Vivyo hivyo wapo wanaomwambia mtoto kwamba akienda kuomba pipi, shetani atamfuata kitandani. Mtoto huyo analala akitetemeka, na waliomtisha ni watu wake mwenyewe, tena bila kinyago. Kama mmeamua asiende, mwelezeni sababu kwa upole, na jioni hiyo kaeni naye, mpike, mcheze. Ni vizuri akikua akijua kwamba imani yetu ni mahali pa kukimbilia.

Malaika alipowatokea wachungaji usiku, kwanza aliwaondolea hofu, ndipo akawapa habari njema. Na wanafunzi walipowazuia watoto wasimfikie Yesu, aliwakasirikia wanafunzi.

Basi, watakaowasha taa, mfungue mlango uso ukiwa wazi, mwiname mpaka kimo cha mtoto na mmsifie vazi lake. Wadogo wasiofika miaka minne msiwape pipi ngumu za mviringo, kwa sababu zinaweza kuwakaba koo. Mkiona boga la rangi ya buluu-kijani mbele ya nyumba, ni ishara kwamba pale kuna zawadi zisizo chakula, kwa ajili ya watoto wenye mzio. Nasi tunaweza kuweka penseli au vibandiko. Wakija wakubwa wanaotaka kutishwa, waulizeni kwanza.

Na watakaozima taa, wazime kwa amani. Mtoto akikosea akabisha hodi hata hivyo, asikaripiwe wala asihubiriwe kwa ukali. Aambiwe kwa upole kwamba hapa hakuna pipi usiku huu, kisha atakiwe usiku mwema. Huenda huo ndio usiku pekee katika mwaka mzima ambao mtoto wa jirani anafika mlangoni kwetu.