Karata, Buruji na Mkono wa Mtu

Pakiti ya karata ina hesabu inayovutia. Aina zake nne, kopa, uru, shupaza na pau, zinalingana na misimu minne ya Ulaya. Karata 52 na majuma ya mwaka. Picha 12 na buruji 12. Ukijumlisha alama zote, ree ikiwa moja na mfalme kumi na tatu, unapata 364. Ongeza jokari mmoja, siku za mwaka zimetimia. Anayeoneshwa hesabu hii kwa mara ya kwanza husisimka, na ana haki.

Ila karata hazikutungwa kwa kutazama mbingu. Zilifika Ulaya karne ya 14 zikitoka nchi za Kiislamu. Pakiti ya Wamamluki iliyohifadhiwa katika kasri la Topkapi, Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo, wala haina malkia. Jokari alizaliwa Marekani miaka ya 1860 kwa ajili ya mchezo wa euchre. Naye Etteilla, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1770 kitabu cha kuagua kwa karata za kawaida, alitegemea pakiti ya mchezo wa piquet, yenye karata 32. Majuma ya mwaka hayakuwamo, na bado alizisoma.

Basi kitu kikilingana na kingine kwa idadi, je, kimekwisha kuwa ishara yake? Nasema bado. Idadi inaruhusu tu viwili viwekwe sambamba. Kuvifunga pamoja ni kazi ya mtu, na mtu huyo hana budi kuchagua.

Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii kubwa na Hermetic Order of the Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Walitumia taroti, pakiti tofauti na yetu, lakini karata zake za namba, kuanzia mbili hadi kumi katika aina nne, ni 36 kama zetu. Wanajimu nao tangu kale waligawa kila buruji mafungu matatu ya nyuzi kumi kumi: jumla 36. Kila karata ikapewa fungu lake, na kila fungu sayari yake kwa mpangilio wa kale: Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi, Mwezi, kisha mzunguko huanza upya. Hapa ndipo ninapopenda kukaa, maana 36 haigawanyiki kwa saba. Moja linabaki. Ukianza na Mirihi mwanzoni mwa Hamali, buruji ya kwanza, utaikuta tena mwishoni mwa Hutu, buruji ya mwisho, katika fungu linalopakana na lile la kwanza.

Golden Dawn walieleza marudio hayo ya Mirihi kwamba baridi ndefu inahitaji nguvu ya ziada ili ishindwe, machipuko yaanze. Maelezo mazuri kweli. Lakini tazama mfuatano wake: hesabu ilitangulia, sababu ikafuata. Na sababu yenyewe ni ya kaskazini. Mombasa, Jua linapoingia Hamali mwezi Machi, watu wanangojea mvua za masika.

Kwa hiyo maana haikushuka kutoka juu, iliwekwa. Wapo wanaodhani hilo linaifuta. Sioni hivyo. Vina na mizani pia viliwekwa na watu, na bado humzuia mshairi kusema ovyo, humsukuma hadi kwenye neno ambalo asingelifikia. Msoma karata anayefuata buruji amebanwa vivyo hivyo. Ikitoka shupaza tatu, yaani Zohali ndani ya buruji ya Mizani, hawezi kuigeuza harusi eti kwa kuwa anayemsikiliza anatamani harusi. Lazima azungumzie huzuni.

Kubanwa huko huzaa mazungumzo yenye uzito. Hakuzai habari. Kanuni inaweza kushikamana mwanzo hadi mwisho na isijue lolote kuhusu kesho ya mtu, na inaniuma kuona mshikamano huo ukiuzwa kama ujuzi kwa mama anayeuliza iwapo mwanawe aliyepotea atarudi.

Itazame uru. Kwa wafuasi wa Golden Dawn ni ardhi, kwa kuwa imeshika nafasi ya sarafu za taroti, na pau ni moto. Wasomaji wengine wamegeuza: uru moto, pau ardhi. Wote wana kanuni na wote wanaifuata kwa uaminifu. Mtu yule yule akichomoa karata ile ile, kwa mmoja ataambiwa ajenge taratibu, kwa mwingine ataambiwa aharakishe. Ukiwauliza sababu, kila mmoja ataanza na orodha aliyoipokea kwa mwalimu wake, wala hatakuonesha chochote angani.