Bisibisi Haizibi Tundu

Kisa hiki hakimhusu mtu fulani. Fundi na mzee waliomo ni wa kubuni, lakini makosa yenyewe ni ya kweli, na aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha kutengenezea misumeno ya moto Mafinga au Njombe atayatambua mara moja.

Alikuwepo fundi pikipiki pale Mafinga, kijana mwenye mkono mwepesi na sikio kali. Bodaboda ikipita barabarani, alijua vavu zake zimelegea kabla dereva hajasimama. Lakini Mafinga ni mji wa mbao. Misindano ya Sao Hill inawalisha wengi, kuanzia mkataji hadi mama ntilie anayempikia, na kijana akaona fedha ya pikipiki ni ndogo mbele ya fedha ya msumeno. Kikwazo kikawa bei. Mashine kubwa ya kiwandani ilimshinda. Ndipo aliposikia habari za seti: sanduku lenye msumeno mzima ukiwa vipande vipande, uliotengenezwa China kwa kuiga Stihl MS 660 ya Kijerumani. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 54, inapanda na kushuka milimita 40, ujazo wake karibu cc 92. Ni mashine ya kuangusha miti mikubwa, na seti ikauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile inayoigwa.

"Mnyalukolo, humu hakuna kinachokosekana," muuzaji wa Kariakoo alimwambia. "Ni kufunga tu."

Kijana akanunua. Aliporudi Mafinga alipitia kwa jirani yake, mzee aliyezeeka akitengeneza misumeno.

"Shikamoo mzee. Nimeleta mashine yangu."

"Marahaba. Mashine iko wapi? Mimi naona sanduku."

Kijana akacheka. Mzee akavitoa vipuri kimoja kimoja, akavigeuzageuza kwenye mwanga, akavirudisha. "Kufunga utafunga, mkono unao. Nakuomba kitu kimoja. Ukishamaliza silinda na nyumba ya krenki, kabla ya kabureta, ziba matundu yote, pampu upepo ndani, uone kama unakaa. Pampu yangu ya kupimia ile pale, njoo uichukue."

"Sawa mzee."

"Sawa ya kweli, au sawa ya kuondokea?"

Ilikuwa ya kuondokea. Hata hivyo tusimwonee kijana: alifunga kwa uangalifu kuliko wengi. Alipapasa madirisha ya silinda, yale matundu ambayo mchanganyiko wa hewa na mafuta unaingilia na moshi unatokea, akakuta kingo zina ncha kali. Akazilainisha kwa msasa, maana ringi ikinasa kwenye ncha kama hiyo inavunjika. Vibanio vya pini ya pistoni vilivyokuja na seti hakuviamini. Kimoja kikichomoka injini ikikimbia, silinda imekwisha, kwa hiyo akanunua vingine. Aliweka pistoni mshale wake ukielekea upande wa eksozi. Akapima nafasi kati ya pistoni na paa la silinda kwa kuponda kipande cha waya laini wa kulehemu, akapata karibu nusu milimita, kipimo ambacho mafundi wengi wanakitaka. Krenki hakuipiga nyundo. Aliipasha moto nyumba yake, beringi zikaingia zenyewe, kwa kuwa krenki inayogongwa hupinda na haizunguki tena sawasawa.

Kosa lilitokea kwenye kipuri kidogo kuliko karibu vyote vilivyomo sandukuni. Sili ya mafuta ya upande wa flaiwili, alipokuwa akiisukuma kwenye krenki, ilipita juu ya ukingo wa mfereji wa kabari, na mdomo wake wa mpira ukajikunja kwa ndani. Kwa nje haikuonekana. Flaiwili ikafungwa juu yake.

Ili kuelewa ubaya wa mkunjo ule, kumbuka namna injini ya tu-stroku inavyopumua. Pistoni ikipanda, nyumba ya krenki inavuta hewa na mafuta kupitia kabureta. Ikishuka, inausukuma mchanganyiko huo kwenda juu ya silinda. Msumeno ukizunguka mara 12,000 kwa dakika, mvuto huo unatokea mara 200 kila sekunde. Penye upenyo wowote, hewa huingia kwa njia ya mkato bila kupita kwenye kabureta, yaani bila tone la petroli. Na katika injini hii petroli haichomwi tu. Ndiyo inayobeba oili ya kulainisha, na ndiyo inayosaidia kupoza. Bodaboda ina oili yake chini, ikikosa petroli inazimika tu. Msumeno ukipungukiwa petroli unapungukiwa chakula, kilainishi na kipoza joto kwa pamoja.

Siku ya kuwasha, majirani walijaa. Mashine iliwaka, ikanguruma, watu wakapiga makofi. Ila palikuwa na dalili. Kijana akiachia resi, mngurumo haukushuka mara moja. Ulining'inia juu kidogo kisha ukateremka. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila resi, ilipanda na kushuka yenyewe. Cheni ilijizungusha polepole hata bila kubonyeza resi, jambo ambalo peke yake linatosha kumkata mtu mguu. Hizo ni dalili za hewa ya wizi, na zilionekana waziwazi.

Kijana akachukua bisibisi. Kabureta ina skrubu tatu: L ya mafuta ya mwendo mdogo, H ya mafuta ya mwendo mkubwa, na ya tatu ya sailensa. Akaifungua L, mngurumo ukatulia. Akaishusha sailensa, cheni ikasimama. Kila dalili ilipotokea, skrubu ilizungushwa, na dalili ikaondoka. Ni sawa na kummezesha Panadol mgonjwa wa malaria: homa inashuka, vimelea vinabaki damuni.

Ikabaki H. Msumeno wenye afya, ukibonyezwa resi yote bila kukata kitu, una kigugumizi kidogo, mlio mzito usionyooka. Ukiugusisha kwenye gogo, kigugumizi kinaondoka na sauti inanyooka. Kigugumizi kile ni mafuta ya ziada, ndiyo akiba yake ya kuishi. Lakini sikio la kijana lilikuwa la bodaboda, nalo lilisikia kigugumizi kama ugonjwa. Akaikaza H mpaka mlio ukanyooka hewani kabisa, mkali na safi. "Inaimba," watu wakasema. Mzee aliusikia mlio ule kutoka barazani kwake, akauliza kwa mbali, "Upepo ulikaa?" Kijana akainua dole gumba.

Mashine ilifanya kazi. Msindano ni mti laini, na hewa ya Mafinga, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi na ina baridi. Hewa nyepesi ina maana kila pumzi ya injini ina hewa pungufu, kwa hiyo mafuta machache hutosha. Nyanda za juu zilikuwa zikimfichia kijana kosa lake bila yeye kujua.

Kisha ikaja kazi ya mitiki katika bonde la Kilombero. Kijana na wenzake wakateremka kwa lori hadi Mikumi, wakakata kulia kwenda Kidatu na Ifakara, chini ya mita 300. Kwa mteremko huo kila pumzi ya injini inapata hewa zaidi kwa karibu moja ya saba, na petroli haiongezeki kwa kiasi hichohicho. Ilipaswa H ifunguliwe kabla mti wa kwanza haujaguswa. Kijana alipowasha akasikia mlio umepanda zaidi, akafurahi. "Huku ina nguvu kuliko nyumbani," alisema. Ulikuwa mlio wa njaa.

Mtiki una mbao ngumu, na siku ile jua lilikuwa kali. Alikuwa ameshakata kipande cha mbele na yuko katikati ya mkato wa nyuma. Mlio ukapanda wenyewe bila yeye kuongeza resi, kisha ukazama, ukakatika. Akavuta kamba, haikusogea. Injini imenoki, msumeno umebanwa ndani ya shina, na mti umesimama nusu umekatwa huku upepo wa alasiri ukianza. Msimamizi akawaondoa watu wote pale, na kazi ya eneo lile ikasimama hadi msumeno mwingine ulipoletwa. Hakuna aliyeumia. Walijua kwamba haikuwa kwa ujuzi wao.

Msumeno uliporudishwa Mafinga, mzee alifungua eksozi kwanza, akaangaza tochi kwenye tundu. Ukuta wa pistoni upande wa eksozi, unaopata moto mkali zaidi, ulikuwa umechanika mistari mirefu, na aluminiamu imepakaa kwenye silinda. Hakusema neno. Akatoa kabureta, akaziba njia ya kuingilia na ya kutokea kwa vipande vya mpira, akafunga pampu, akapampu hadi nusu baa. Sindano ya geji ikaanza kushuka palepale. Akapaka maji ya sabuni huku na huku. Povu likafura nyuma ya flaiwili.

"Uliisikiliza sana mashine," alisema. "Hukuipima."

"Mzee, nilidhani kabureta ndiyo mbovu."

"Kabureta ilikuwa nzima kuliko vyote. Ilikuwa inakusaidia kudanganya."

Funzo la kisa hiki ni mpangilio wa kazi. Kuseti kabureta ni hatua ya mwisho, na hufaa tu kwa mashine ambayo tayari imethibitika kuwa haina kasoro. Pima upepo kwanza: nusu baa kwa kusukuma, uangalie sindano kwa sekunde zisizopungua 20. Kisha pima kwa kuvuta, maana mdomo wa sili unaweza kushikilia ukisukumwa na ukaachia ukivutwa. Mafuta nayo yawe ya kipimo. Stihl wenyewe huelekeza 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa lita, kwa oili yao, na 1 kwa 25, mililita 40 kwa lita, kwa oili nyingine ya tu-stroku. Wapo wanaodhani kuongeza oili kupita hapo kutaiokoa injini yenye upenyo. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye kabureta ndiyo inayopungua. Baada ya hapo pasha injini moto, seti L, shusha sailensa mpaka cheni isimame kabisa, kisha acha H ikiwa na kigugumizi chake na uihukumu ndani ya gogo, si hewani. Ukihama kutoka mlimani kwenda bondeni, anza upya.

Na ikiwa mashine uliyoifunga inataka skrubu igeuzwe kila asubuhi ili itulie, weka bisibisi chini. Hiyo haitaki kusetiwa. Inataka kufunguliwa.