Dakika Nane

Neno la kutafakari: Luka 16:10



Katika neno hili Bwana Yesu atufundisha ya kuwa mtu hupimwa kwa jambo dogo, na jinsi alivyo katika hilo ndivyo atakavyokuwa katika kubwa. Mara nyingi twalisoma neno hili tukiwaza fedha, na ni vema, kwa maana Bwana alikuwa akinena habari za msimamizi wa mali. Walakini leo nataka tulitazame katika kazi ya mchunguzi wa nyota, Mlutheri kama sisi, ili waalimu, wazee na Wakristo wote tupate kujipima.

Jina lake Johannes Kepler. Alizaliwa mwaka 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, huko Ujerumani. Utotoni aliugua ndui, na macho yake yakabaki dhaifu. Alisoma Tübingen akitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu katika shule ya Kiprotestanti. Mwaka 1600 mtawala wa nchi ile aliwafukuza waliokataa kuiacha imani ya Kiinjili. Kepler naye alitoka na jamaa yake, akaenda Prague kwa Tycho Brahe, mtu wa Denmark.

Brahe alikuwa amezitazama nyota miaka mingi kwa macho tu, kwa maana darubini ilikuwa haijajulikana, akaandika mahali pa kila sayari kwa uangalifu mwingi kuliko wote waliomtangulia. Alipokufa mwaka 1601, Kepler alipata kuzitumia daftari zake. Kazi yake ilikuwa kuitafuta njia ya sayari Mirihi. Tangu siku za Wayunani wa kale, wenye elimu walisadiki ya kuwa mwendo wa sayari hauna budi kuwa wa duara kamili. Kepler pia alianza hivyo. Alipiga hesabu kwa kalamu, akazirudia mara 70 hivi. Mwisho akapata duara iliyopatana vizuri na daftari za Brahe. Basi, akaijaribu tena kwa njia nyingine, akaona imepungukiwa na dakika 8.

Dakika hizi si za saa. Wapimaji hugawanya duara kwa digrii 360, na kila digrii kwa dakika 60. Mwezi mpevu uutazamapo, upana wake ni kama dakika 30. Basi kosa lote la Kepler lilikuwa kama robo ya upana wa mwezi. Ni nani angaliliona? Brahe amekwisha kufa. Kepler angaliweza kusema, “Yeye ndiye aliyekosa,” na watu wangalimsifu.

Hakusema hivyo. Alijua ya kuwa mtu mwangalifu kama Brahe hawezi kukosa kiasi hicho. Naye aliandika baadaye ya kuwa Mungu kwa wema wake ametupa mtazamaji wa namna ile, na imetupasa kuipokea zawadi hiyo kwa shukrani. Tazameni, ndugu: lile lililoiharibu kazi yake aliliita zawadi! Akaibomoa nyumba aliyoijenga kwa taabu, akaanza tena. Mwaka 1609 kitabu chake kilitoka, kikaonyesha ya kuwa njia ya Mirihi si duara kamili, bali ni mviringo uliobanwa kidogo, na jua halipo katikati, bali limesogea upande. Mwenyewe alikiri ya kuwa zile dakika 8 ndizo zilizofungua njia ya kuifanya upya elimu yote ya nyota.

Nami nina neno la kuungama. Mwaka mmoja nalikuwa nikiandika taarifa ya usharika, nikaona hesabu ya waliobatizwa haipatani na kitabu. Tofauti ilikuwa watu watatu tu. Usiku ulikuwa umeendelea, na taarifa ilitakiwa asubuhi. Nikaandika hesabu iliyonirahisishia kazi, nikalala. Miaka ikapita, akaja mama mmoja na kijana wake aliyetaka kuingia darasa la kipaimara. Tukatafuta jina lake kitabuni, halimo. Mama yule akasema kwa upole, “Mwalimu, mimi nalisimama pale mbele na mtoto mikononi.” Ndipo nalipofahamu ya kuwa wale watatu hawakuwa tarakimu. Walikuwa kondoo wa Bwana, nami nalikuwa nimewafuta kwa sababu ya usingizi.

Ndugu, dakika nane zako ziko wapi? Pengine ni senti chache za sadaka zisizopatana. Pengine ni pishi isiyojaa sawasawa sokoni, au mgonjwa uliyeandika ya kuwa umemzuru, kumbe ulipita njiani tu. Pengine ni neno la Maandiko linalopinga mahubiri uliyokwisha kuyatengeneza, nawe unalipita haraka. Usilifiche. Huenda ni zawadi ya Mungu, ambayo kwayo ataka kukufanya upya.

Uaminifu huu una gharama yake. Mwaka 1612, Kepler alipokuwa Linz, mchungaji wa mji alimnyima Meza ya Bwana, kwa kuwa hakukubali kutia sahihi ungamo moja la kanisa letu bila kutoa neno lililomtatiza. Hatusemi ya kuwa alifikiri sawa katika neno lile. Twasema hakuweza kuandika kwa mkono asilolisadiki moyoni. Iliwa huzuni kubwa kwake. Walakini hakugeukia upande mwingine, ingawa huko angalipata faida.

Alikufa mwaka 1630 mjini Regensburg, na kaburi lake likapotea kwa vita. Lakini alikuwa ametangaza ya kuwa tarehe 7 Novemba mwaka 1631 sayari Utaridi itapita mbele ya jua. Siku ile Pierre Gassendi alitazama huko Paris, akaiona, doa dogo jeusi likivuka uso wa jua. Aliyehesabu hakuwapo kufurahi.

Nasi hatutendi uaminifu ili tusifiwe, wala hatuokolewi kwa hesabu zetu zilizo sawa. Twaokolewa kwa neema yake yeye aliyelipa deni letu lote. Lakini aliyesamehewa makubwa hana haja tena ya kuficha madogo. Aweza kufungua kitabu, kulitazama kosa, na kuanza tena.

Bwana atujalie macho ya kuona kilicho kidogo, na moyo wa kukipokea kwa shukrani. Amina.