Swali la Mhadhiri, Jibu la Mzee

Henry Odera Oruka alianza kufundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, baada ya kusoma Uppsala nchini Sweden na Wayne State kule Detroit. Wakati huo falsafa ilikuwa idara moja na masomo ya dini. Zilipotengana mwaka 1980, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Idara ya Falsafa.

Kazi iliyompa jina ilikuwa imeshaanza. Yeye na wenzake, kisha wanafunzi, walibeba vinasa sauti wakaenda vijijini kuzungumza na wazee waliosifika kwa busara. Hawakufuata methali wala mila. Hizo zilikuwa zimeshajaa vitabuni. Walitaka kumbana mzee: kwa nini iwe hivyo? Anayezijua desturi za watu wake na kuzieleza vizuri, Oruka alimheshimu, lakini hakumhesabu kuwa mwanafalsafa. Mwanafalsafa kwake ni yule anayezipima desturi hizo kwa akili yake na, ikibidi, kuzikataa.

Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo, alikuwa mmoja wa wazee wa aina hiyo. Kuhusu madai kwamba mwanamume ni bora kuliko mwanamke, hoja yake ilikuwa nyepesi na kali: mwanamume huenda akamshinda mwanamke mbio, lakini mwanamke hubeba mimba na kustahimili uchungu wa kuzaa, jambo ambalo mwanamume hana uwezo nalo. Ubora uko wapi basi? Hapo haisemi jadi ya Wajaluo. Anasema Mbuya.

Mwaka 1981 mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nigeria aliitilia shaka kazi hiyo. Mhadhiri akiuliza, akachokonoa, akaongoza mazungumzo, falsafa inayozaliwa ni ya mzee au ya mhadhiri? Oruka alijitetea kwa Socrates, mkunga wa mawazo ya wengine. Utetezi huo unatosha nusu tu. Waathene waliohojiwa na Socrates waliweza kumrudia kesho yake na kumbishia papo hapo. Ubishi juu ya wazee wa Kenya uliendelea kwa Kiingereza, katika majarida na makongamano ambako wao hawakuwapo. Na wanawake waliohojiwa walikuwa wachache mno.

Mwaka 1987 zamu ya kuhojiwa ilimfikia Oruka mwenyewe. Katika kesi ambapo mjane na ukoo waligombania mazishi ya wakili S.M. Otieno, alipanda kizimbani kama shahidi wa upande wa ukoo, akaeleza mila za Wajaluo huku wakili wa mjane akimsaili. Mahakama ilitaka kwake kile kile ambacho yeye hakukiita falsafa: mila ni ipi?

Kitabu chake kuhusu wazee hao kilitoka mwaka 1990. Ndani yake mazungumzo yamechapwa swali kwa jibu, kwa hiyo msomaji anayemuunga mkono Bodunrin anaweza kufungua ukurasa na kuonyesha pale mhadhiri anapomsukuma mzee, na pale mzee anapogoma kusukumwa.